Dirisha la Stempu: "Bibi, maji yataondoa ule wino?"

Kwa miaka 31 nilikaa nyuma ya dirisha la posta, kwanza Tanga, kisha Dar es Salaam, nikigonga mihuri juu ya stempu za watu. Kwa hiyo ewe msomaji mgeni usishangae ukiniuliza habari ya stempu nami nikaanza na habari ya muhuri. Mwezi huu nimechukua barua tisa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana iliponifikia sikulala vizuri.

Shikamoo Bibi. Babu yetu mzaa baba alifariki mwaka jana hapa Morogoro. Kabatini tumekuta kopo la biskuti limejaa barua zake, kama 60 hivi, nyingi zina stempu za mfalme. Nimeanza kuzikata kwa mkasi, zimefika 11. Nataka niziloweke zibanduke, halafu nitafute mnunuzi. Baadhi zimegongwa neno KONGWA na tarehe ya mwaka 1949, zimechafuka. Je, maji yataondoa ule wino? – Mjukuu, Morogoro

Marahaba mjukuu wangu, na poleni sana na msiba. Kabla hujaendelea kusoma, weka mkasi chini.

Wino unaotaka utoke ndio mali yenyewe. Stempu ya senti 20 ya mfalme George wa Sita wa Uingereza, ile ya rangi ya chungwa na nyeusi yenye korongo, ilichapwa kwa wingi mno. Ukiniletea mia moja zilizokatwa na kuoshwa zikatakata, nitakupa asante na kikombe cha chai. Lakini bahasha nzima iliyotoka Kongwa mwaka 1949, jina la babu yako likiwa limeandikwa kwa mkono, hiyo ningeomba ruhusa ya kuishika.

Kongwa ya 1949 unaijua? Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Makao ya mwanzo yakawa Kongwa, na baadaye wakaenda Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta ya kila namna, yakiwemo yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua ikawa chache, udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, mashine zikavunjika, na Januari 1951 mradi ukatangazwa kwamba umeachwa. Kwa miaka hiyo michache Kongwa ilijaa madereva, mafundi, makarani, wapishi na vibarua kutoka pande zote za nchi, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwandikia nyumbani. Muhuri ulio mkononi mwako uligongwa katikati ya mambo hayo. Babu yako alikuwa nani kule? Dereva? Karani? Au alikuwa na ndugu kule aliyemwandikia? Toa barua usome kabla ya kutafuta mnunuzi.

Kisha geuza bahasha. Mara nyingi nyuma yake utakuta muhuri wa pili, wa posta iliyoipokea. Hesabu siku kati ya mihuri miwili. Ukifanya hivyo kwa barua zote 60 na kuziandika katika daftari, mahali, tarehe ya kutoka, tarehe ya kufika, utajua barua ilikuwa inachukua siku ngapi kumfikia babu yako, na mwaka gani alihama kutoka wapi kwenda wapi. Hakuna stempu iliyooshwa inayoweza kukueleza hayo.

Nikwambie kwa nini nasema kwa uchungu. Nilipokuwa na miaka 12, pale Tanga, mama alikuwa na barua za kaka yake, mjomba wangu, aliyefanya kazi ya reli. Nami nilikuwa nimepata albamu yangu ya kwanza. Nikakata stempu zote, nikazitia kwenye bakuli la kioo la maji ya uvuguvugu, zikaelea uso juu, nikazianika juu ya gazeti. Bahasha nikawashia jiko. Barua zenyewe mama alizihifadhi, lakini mjomba alikuwa mtu wa kuandika "Nawajulisha kuwa ni mzima" bila kutaja alipo. Hakurudi tena. Miaka ikapita, siku moja mama akaniuliza, kwa upole tu: "Barua ya mwisho ya kaka yangu ilitoka wapi?" Nikaenda kwenye albamu. Kwenye stempu ile ilibaki kona ya muhuri yenye herufi tatu: ORO. Korogwe? Morogoro? Tororo? Soroti? Zote zina stesheni, na mjomba alikuwa mtu wa reli. Herufi nyingine nilizichoma jikoni. Mama amefariki hajui, nami sijui hadi leo.

Basi zile 11 ulizokwisha kukata, tafuta bahasha iliyotoboka ya kila moja, linganisha kingo za karatasi, weka kipande na bahasha yake katika mfuko mmoja. Usigundishe kwa gundi wala selotepu. Bahasha ambayo imeharibika kabisa, imeliwa na mchwa au imeoza, hiyo kata ukiacha nafasi pana kuzunguka stempu na muhuri wote kwa pamoja, uhifadhi kipande hicho kama kilivyo. Na ukisoma barua hizo ukagundua babu yako alikuwa anafanya nini Kongwa, niandikie.

Shikamoo Bibi. Nina stempu mbili za senti 50 za Kenya Uganda Tanganyika, za George wa Sita, zenye picha ya chombo cha tanga. Kwa lensi nimeona katika moja kamba ya kushoto imeshika tanga, katika nyingine imeishia njiani, kuna nafasi. Rafiki yangu ananiambia hiyo ya pili ni ya bandia, niitupe. – Mvuvi, Likoni

Marahaba. Usiitupe! Mwambie rafiki yako aje aiangalie tena, safari hii akiwa ameketi.

Picha hiyo, chombo cha tanga katika Ziwa Viktoria, ilianza kutumika mwaka 1935 wakati wa George wa Tano, katika stempu za senti 5 na senti 50. Kwenye mchongo wa kwanza kamba ya kushoto haikufika kwenye tanga. Baadaye ikarekebishwa, ndiyo maana senti 5 ya 1935 hupatikana kwa namna zote mbili. Mwaka 1938 sura ya mfalme ikabadilishwa, mandhari ikabaki, na senti 50 za kawaida za George wa Sita zina kamba iliyoshika. Ila baadhi zilitoka na mchongo ule wa zamani, kamba haijashika. Hizo ni chache. Kwa hiyo kati ya stempu zako mbili, anayoiita bandia ndiyo ya kutunza zaidi.

Iweke karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa ubavu, kisha tumia lensi ya kukuza mara 10. Usiangalie kamba peke yake. Angalia mistari myembamba ya anga nyuma yake. Stempu hizi zilichapwa kwa bamba la kuchongwa, wino umekaa juu ya karatasi kama uvimbe mdogo sana. Mtu akikwangua kamba kwa wembe ili auze stempu ya kawaida kwa bei ya adimu, atakwangua na mistari ya anga pia, na nyuzi za karatasi zitasimama kama manyoya. Kama mistari ya anga inapita safi pale penye nafasi, moyo utulie.

Mimi kamba hiyo nilionyeshwa na baba yangu, aliyekuwa baharia wa majahazi kati ya Tanga, Pangani na Pemba. Stempu hakuzijali hata kidogo. Nilimwekea lensi jichoni nikamwuliza anaona nini. Akakaa kimya kitambo, akasema: "Kama hii ndiyo demani, kamba ya kushikia tanga, basi tanga limewaponyoka, na hawa ndani ya chombo hawana habari." Nilikuwa nimeitazama stempu ile miaka mingi nikiona picha ya chombo. Yeye alitazama mara moja akaona kazi iliyoharibika. Tangu siku hiyo, stempu yenye mnazi nampelekea mkulima aitazame, yenye daraja nampelekea fundi. Nawe ni mvuvi, unayo macho ambayo wakusanyaji wa London hawanayo.

Jambo jingine, hesabu meno. Meno ya stempu hupimwa kwa idadi ya matundu katika sentimita 2, na stempu hizi za George wa Sita zilitobolewa kwa vipimo mbalimbali: kuna 13¼, kuna 13 kwa 11¾, kuna 14. Sura ni ileile, rangi ileile, na bei zinaweza kupishana kama mbingu na ardhi. Kipimo cha meno ni kikadi cha bei ndogo, usifanye kazi hii bila hicho.

Bibi shikamoo. Nimeuziwa hapa Mji Mkongwe stempu sita za Sultani zilizogongwa JAMHURI 1964. Muuzaji anasema ni za siku za mwanzo kabisa za Mapinduzi. Wino wa JAMHURI ni mweusi na umekolea. Nitajuaje kama ni za kweli? – Mwalimu, Unguja

Marahaba mwalimu. Historia ya stempu hizi ni ya kweli, na ndiyo inayowapa nafasi waongo.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakawa tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baadaye. Posta ilikuwa na akiba ya stempu zenye sura ya Sultani. Huwezi kufunga posta ukisubiri stempu mpya, basi zikagongwa JAMHURI 1964 juu yake kwa mkono, kwa mihuri ya mpira, palepale Zanzibar. Baadaye zikaja zilizochapwa neno hilo kwa mashine Uingereza. Namna zote mbili ni halali. Za mashine zimekaa sawasawa, kila moja kama mwenzake. Za mkono, kila pigo lina mkao wake: nyingine limeinama, nyingine limepigwa mara mbili, nyingine limegeuka juu chini. Nazipenda kuliko stempu zote za Afrika Mashariki, kwa sababu unamwona karani mezani pake, mbele yake karatasi nzima za stempu, na nje nchi imegeuka.

Lakini muhuri wa mpira mtu yeyote anaweza kuuchonga leo. Anza na zile ambazo zimetumika. Pale muhuri wa posta unapokutana na neno JAMHURI, tazama kwa lensi wino upi uko juu. JAMHURI ilitakiwa iwepo kwanza, kisha ndipo stempu ibandikwe na kugongwa posta. Ukiona JAMHURI imepanda juu ya muhuri wa posta, neno hilo liliongezwa baada ya barua kusafiri. Soma na tarehe pia. Tarehe ya kabla ya 12 Januari 1964 chini ya neno JAMHURI haiwezekani hata kidogo. Nasema hili kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua moja hivyo, dukani kwa mtu niliyemwamini, na tarehe ilisomeka wazi: Novemba 1963. Nilikuwa nimeangalia sura ya Sultani, nikasahau kazi yangu ya miaka 31.

Ambazo hazijatumika ni ngumu zaidi. Kama ni za bei kubwa, zipelekwe kwa jopo la wataalamu wanaotoa hati. Royal Philatelic Society London, chama kilichoanzishwa mwaka 1869, wana jopo la namna hiyo. Kwa stempu sita za bei ndogo hati itakugharimu kuliko stempu. Hapo nakushauri uziweke katika ukurasa wa peke yake, uandike kwa penseli "hazijathibitishwa", na usimuuzie mtu kwa maneno ya yule aliyekuuzia wewe.

Zanzibar, kwa njia, ilikwisha kuzoea kuandikwa juu ya stempu ya mwingine. Novemba 1895, posta ilipotoka mikononi mwa India, stempu za India zilichapwa neno "Zanzibar" palepale mjini, katika kiwanda kilichokuwa kikichapa gazeti la serikali. Herufi zilipangwa moja moja kwa mkono. Mpangaji herufi husoma herufi za risasi kinyumenyume, kama zilizo kwenye kioo, na kwake b na d ni mapacha. Ndiyo maana zipo stempu zinazosomeka "Zanzidar". Makosa yale ya dakika moja yametafutwa na watu kwa zaidi ya miaka mia.

Assalamu alaykum Bi Mkubwa. Marehemu bibi yangu alizaliwa Unguja, akaja Muscat baada ya 1964. Katika vitu vyake mna bahasha ndogo yenye stempu ya India, Malkia Victoria, imegongwa ZANZIBAR 1887. Je, niihesabu ya India au ya Zanzibar? – Msomaji, Muscat

Wa alaykum salaam. Ya Zanzibar, mwanangu, na Mungu amrehemu bibi yako kwa kuitunza.

Kabla ya Zanzibar kuwa na stempu zake, posta ya mjini iliendeshwa na India. Kuanzia 1875 hadi 1895 mtu akituma barua kutoka Unguja alinunua stempu ya India, iliyolipiwa kwa anna na rupia. Kinachotofautisha stempu yako na nyingine iliyotumika Bombay ni muhuri peke yake. Ukiiosha, umeifuta Zanzibar. Na hapo Muscat ulipo ilikuwa hivyohivyo: posta ya India ilifunguliwa mwaka 1864, na ilidumu hadi 1947. Mwaka 1944 stempu za India ziliandikwa Kiarabu juu yake kuadhimisha miaka 200 ya utawala wa Al Busaid, ukoo uleule wa masultani wa Zanzibar. Ukiipata moja yenye muhuri wa Muscat, iweke ukurasa mmoja na bahasha ya bibi. Zitajuana.

Bibi, kwetu Lushoto nimepewa stempu za Kijerumani zenye meli. Moja imeandikwa "Pesa", nyingine "Heller". Ni za nchi moja au mbili? – Kijana, Lushoto

Ni za nchi moja, hii yetu, ilipoitwa Deutsch-Ostafrika. Meli hiyo ni Hohenzollern, ya fahari ya Kaizari wa Ujerumani, na picha yake iliwekwa katika stempu za makoloni yao yote. Tofauti ni ya fedha. Mwanzo rupia moja ilikuwa pesa 64, hesabu iliyotoka India pamoja na neno lenyewe. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadili, rupia ikawa heller 100, na mwaka 1905 stempu zikachapwa upya.

Soma neno hilo la pili kwa sauti, mwanangu. Heller. Hela! Sarafu ile ilikwisha kuondoka na wenyewe zaidi ya miaka mia iliyopita, na mama sokoni Lushoto asubuhi ya leo amesema hana hela. Mimi nikifundisha watoto stempu huwa naanza na hiyo. Wakishaisoma wenyewe, siku nzima hawaachi kuitamka.

Na kwa kuwa uko Lushoto, jirani yako Vuga palikuwa na kiwanda cha uchapaji cha misheni. Vita ya Kwanza ilipozuia meli, stempu zikaelekea kwisha, Wajerumani wakachapisha za dharura hapohapo Vuga, mwaka 1916. Hazina meli wala mapambo, ni maandishi tu, kazi ya mtu aliyezoea kuchapa vitabu vya dini. Hazikuuzwa dirishani. Zilifukiwa ardhini zisishikwe na Waingereza, na baada ya vita zikafukuliwa zikapelekwa Ujerumani. Wakusanyaji huziita "Wuga", kwa tahajia ya Kijerumani. Waulize wazee wa Vuga kama jengo la kiwanda wanalijua lilipokuwa. Ningependa sana kujua.

Bibi, ni kweli kuna stempu za Uganda zilizopigwa kwa taipu, na bei yake ni simbi, yale makombe madogo yaliyokuwa fedha zamani? Nimeonyeshwa picha ya moja kwenye simu, bei nafuu. – Dereva, Kampala

Ni kweli, na usinunue.

Mwaka 1895 mmishenari wa Kianglikana, Ernest Millar, alipiga stempu kwa taipureta huko Mengo. Juu herufi U na G, katikati tarakimu ya idadi ya simbi, kuzunguka mistari, basi. Simbi 200 zilikuwa rupia moja. Za mwanzo zilikuwa pana, kisha zikafanywa nyembamba zaidi ili ziingie nyingi kwenye karatasi moja, baadaye wino ukawa wa zambarau. Karatasi ni nyepesi sana. Niliwahi kukaa na taipureta kuukuu ya ofisini, baada ya saa za kazi, nikajaribu kupiga karatasi moja ya namna hiyo. Kufikia mstari wa tatu tarakimu zilikuwa zimenitoka nje ya kisanduku, nikakosea, nikapiga juu ya kosa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila stempu ya Millar ina sura yake: ilipigwa herufi kwa herufi, na mtu mwenye kazi nyingine za kufanya. Kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuigiza, na ya kweli haiuzwi kwa bei nafuu kwenye simu. Katika stempu hizi, bila hati ya wataalamu hakuna mazungumzo.

Kwa aliyeniandikia kutoka Mtwara kwamba stempu zake mpya zimegandana kwa unyevu: usizivute. Chukua chombo chenye mfuniko, weka sifongo mbichi chini, juu yake wavu au kichujio, stempu zikae juu ya wavu zisiguse maji. Funika. Angalia kila baada ya saa moja; gundi ikilegea zitateleza zenyewe kwa kibano. Zianike juu ya karatasi ya kufyonza, gundi ikitazama juu. Siku zijazo albamu isimame kama kitabu rafuni, isilale, isiegemee ukuta wa nje, na usitumie mifuko ya plastiki inayonuka kama kapeti jipya. Na wewe unayeuliza kama stempu za zambarau za George wa Tano zinaweza kulowekwa: hapana. Wino wa zambarau na ule wa kijani katika stempu hizo uliwekwa makusudi utoke ukiguswa na maji, ili mtu asioshe muhuri akatumia stempu mara ya pili.

Shikamoo Bibi. Nina miaka 11. Baba anasema siku hizi hakuna anayeandika barua kwa hiyo siwezi kukusanya stempu. Nifanyeje? Likizo huwa naenda kwa bibi yangu Mpwapwa. – Darasa la sita, Dodoma

Marahaba mjukuu wangu. Zanzibar alikuwepo mtoto wa umri kama wako, Farrokh Bulsara, aliyepanga stempu zake kwa maumbo na rangi katika kurasa za albamu, kama mtu anayetengeneza mkeka. Baadaye dunia ilimjua kama mwimbaji Freddie Mercury. Albamu yake ipo hadi leo katika Postal Museum, London.  Kama kwenu barua hazifiki, zitume wewe.

Likizo ijayo, Mpwapwa, nunua bahasha mbili nyeupe. Moja jiandikie mwenyewe, anuani ya baba Dodoma, jina lako juu. Ya pili mwachie bibi akuandikie baada ya wewe kuondoka. Ndani andika jambo la siku hiyo, mmekula nini, mvua imenyesha au la, na bibi aandike lake. Stempu ibandike kona ya juu kulia, uache nafasi kushoto kwake, upana wa vidole vyako vitatu, ili muhuri ukae wote usomeke. Usiitumbukize sandukuni. Ipeleke dirishani, umsalimie karani, useme: "Naomba ugonge muhuri usomeke, nahifadhi." Mimi nilipoambiwa hivyo na mtoto, nilikuwa napangusa muhuri kwa kitambaa, nakagua tarehe, natia wino, nagonga kwanza kwenye karatasi chakavu, halafu ndipo nagonga bahasha yake, taratibu, huku amesimama kwa vidole vya miguu anachungulia.

Zikifika, usizifungue kwa kuchana. Pitisha kisu kwa juu, mkubwa akusaidie. Andika kwa penseli nyuma, ndogondogo, tarehe ulizozipokea. Kisha nitumie picha ya bahasha zote mbili, mbele na nyuma, nizione.